Pua yangu ilizeeka, hakuna aliyeniambia

Juzi mama mmoja wa Goma ameniandikia: "Mama, niko na miaka 66, chakula haina tena utamu, bibi ya mtoto wangu anasema natia chumvi mingi, eti nafanya makusudi." Nilisoma mara mbili, machozi ikatoka, ju hiyo ni habari yangu yote.

Mimi nilipikia watu miaka 30 hapa Bukavu, resto yetu ilikuwa pembeni ya soko ya Kadutu, watu walitoka mpaka Nguba kufuata sambaza yangu, zile samaki ndogo za ziwa Kivu. Sasa mwaka jana wakwe wakakuja kutoa mali ya binti yangu wa mwisho, nikasema siku hiyo hakuna mwingine atapika, ni mimi. Sambaza nilinunua siku moja mbele, usiku umeme ikakatika mpaka asubuhi. Nikafungua frigo, nikatwaa moja, tumbo imepasuka, macho imezama, hiyo niliona vizuri, lakini nikaileta puani sikusikia kitu, nikasema basi iko sawa, ju pua yangu haikunidanganya hata mara moja tangu usichana. Nikakaanga zote. Dada ya bwana-arusi akatafuna kidogo, akatema mu mkono, akaweka sahani chini ya kiti. Mbele yangu hakuna aliyesema neno. Kisha ndio nikasikia wanasema mama ile ni mchafu. Mchafu, mimi! Hilo neno linaniuma mpaka leo.

Daktari wa pua na masikio ndiye alinifungua macho. Chembe za kusikia harufu ziko juu kabisa ndani ya pua, mwili unazifanya upya maisha yote, lakini uzee ukifika kazi hiyo inapunguka, harufu inapotea pole pole, ndio maana mwenyewe haujui. Richard Doty, mtafiti wa harufu, na wenzake kule Marekani walipima watu, wakaandika 1984: kati ya miaka 65 na 80, zaidi ya nusu pua yao imepunguka sana. Zaidi ya nusu! Kwa hiyo dada yangu, haufanyi makusudi. Ulimi unajua chumvi, sukari, uchachu, uchungu, ile utamu ingine karibu yote ni pua, na pua ikilala mkono unakimbilia chumvi, na presha nayo inapanda.

Fanya mazoezi ya pua. Thomas Hummel, naye mtafiti wa harufu, na wenzake, Ujerumani, walionyesha 2009 kama inasaidia wengine: waridi, limao, karafuu, mkaratusi, unanusa asubuhi na jioni, wiki 12. Mimi waridi sina, nikaweka kahawa. Usiruke siku, nakuomba, usiruke. Harufu ikipotea kwa ghafla, nenda kwa daktari usingoje.

Na useme! Wamama, tuache haya, sema ku nyumba "pua yangu haisikii". Gazi ya kupikia wanaitia harufu mbaya kwa makusudi ili mtu ashituke, sasa sisi hatushituki, tutakufa ju ya kiburi? (Mazuku yenu ya Goma, ile hewa ya kuua inayotoka mu udongo, ni ingine, ile haina harufu hata kwa pua ya mtoto.) Na ninyi watoto, mama akikosea chakula mumwambie kwa sikio, siyo kwa majirani.

Mimi sasa mjukuu wangu wa miaka 9 ndiye ananusa samaki na maziwa mbele nipike, anainama juu ya beseni, anasema "tate, hii hapana", na ninatupa. Siku ya Mungu iliyopita nilifungua kopo ya karafuu, ikanipiga puani kidogo. Nikaita wote mu nyumba wakuje.