Maswali ya Wasomaji: Nyuso Zilizofichwa Kivulini

SWALI

Ndugu Mhariri, hivi karibuni nilitazama sehemu moja ya tamthilia ya zamani ya Marekani, The Twilight Zone, iitwayo “Eye of the Beholder”, inayomhusu mwanamke aliyelazwa hospitalini akiwa amefungwa bendeji uso mzima. Naomba kufahamishwa mambo matatu. Kwanza, iliwezekanaje nyuso za madaktari na wauguzi zisionekane kwa muda wote ule bila mtazamaji kushtuka? Pili, mwanamke yule aliigizwa na mtu mmoja au wawili? Tatu, mpwa wangu anashikilia kwamba hiki ni kisa cha urembo tu, ilhali mimi naona kuna siasa ndani yake. Nani kati yetu yuko sahihi?

Msomaji, Morogoro

JIBU

Ndugu msomaji, tunakushukuru kwa barua yako. Sehemu uliyoitaja ilirushwa kwa mara ya kwanza na kituo cha televisheni cha CBS tarehe 11 Novemba 1960, katika msimu wa pili wa tamthilia hiyo. Iliandikwa na mwanzilishi wake, Rod Serling, ambaye kati ya sehemu 156 zilizorushwa kuanzia 1959 hadi 1964 aliandika yeye mwenyewe 92, na iliongozwa na Douglas Heyes. Kwa kuwa haiwezekani kuyajibu maswali yako bila kufichua mwisho wa kisa, wasomaji ambao hawajaitazama tunawashauri waitazame kwanza.

Kisa chenyewe ni hiki. Janet Tyler ametibiwa mara kumi na moja ili uso wake ufanane na nyuso za wenzake, na kwa mujibu wa sheria za Dola, yaani serikali inayotawala ndani ya kisa, hiyo ndiyo mara ya mwisho inayoruhusiwa. Bendeji zinapofunguliwa, wauguzi wanashtuka na daktari anapaza sauti kwamba hakuna mabadiliko yoyote, nasi tunamwona mwanamke mzuri wa sura. Taa zinapowashwa ndipo zinapojitokeza nyuso za madaktari na wauguzi, zenye pua zilizobinuka kama za nguruwe na midomo iliyopinda.

Kuhusu swali lako la kwanza, siri ya kazi ile ni kwamba kila kizuizi kilipewa sababu yake ndani ya kisa. Chumba cha mgonjwa aliyefungwa macho kina haki ya kuwa na giza, na daktari anayewaza usiku ana haki ya kusimama dirishani akiwa ametupa mgongo. Heyes na mpigapicha George T. Clemens waliwapanga waigizaji nyuma ya mapazia na katika vivuli, au wakawafuata kwa nyuma wakitembea, na mara nyingine kamera ikaishia kwenye mikono inayowasha sigara au kushika sindano. Tazama jinsi bendeji zinavyofunguliwa. Kwa muda fulani kamera inakaa mahali pa macho ya Janet mwenyewe, nasi tunatazama kutoka ndani, kitambaa kikipungua tabaka baada ya tabaka na mwanga ukizidi kupenya, huku daktari akimsihi atulie. Kwa kuwa wakati huo tumewekwa ndani ya kichwa cha mgonjwa, hatupati nafasi ya kujiuliza kwa nini hatujaonyeshwa uso wa daktari.

Kwa maoni yetu, hapo hakuna ulaghai. Mtazamaji hakuambiwa uongo hata mara moja. Aliachwa tu ajaze giza lile kwa nyuso alizozizoea, na hilo ndilo jambo lenyewe ambalo kisa kinalizungumzia. Sauti nazo zilisaidia sana. Heyes alitaka madaktari na wauguzi wawe na sauti za watu wema, na alipokuwa akichagua waigizaji aliwapa mgongo ili awasikilize bila kuwatazama. Upole wa sauti zile ndio uliotufanya tuwaamini. Nyuso zenyewe ni kazi ya William Tuttle, mkuu wa idara ya upambaji wa waigizaji katika studio za MGM, aliyezitengeneza kwa vipande vya mpira laini.

Katika swali la pili, jibu ni wawili. Chini ya bendeji alikuwa Maxine Stuart, na baada ya kufunguliwa ni Donna Douglas, ambaye miaka miwili baadaye alijulikana sana kupitia tamthilia ya vichekesho ya The Beverly Hillbillies. Mpango wa awali ulikuwa Douglas aonekane tu huku sauti ya Stuart ikiwekwa juu ya midomo yake, lakini alikuwa amemsikiliza mwenzake kwa makini kiasi kwamba aliweza kuiga namna yake ya kusema, na sauti yake mwenyewe ikatumika. Stuart anastahili sifa zaidi ya anazopewa, kwani alibeba sehemu kubwa ya kisa kwa sauti na mikono peke yake. Msikilize anapoomba aruhusiwe kutoka kidogo bustanini akapigwe na upepo wa usiku.

Swali la tatu ndilo zito, na hapo tuko upande wako. Serling hakuingia katika hadithi za njozi kwa kuukimbia ulimwengu. Mwaka 1955 kijana mweusi wa miaka 14, Emmett Till, aliuawa huko Mississippi na walioshtakiwa wakaachiwa huru. Serling alitaka kuandika mchezo wa televisheni uliotokana na tukio hilo, lakini kufikia siku uliporushwa, Aprili 1956, hofu ya wadhamini ilikuwa imeubadilisha kabisa: mahali pakahamishiwa New England, kaskazini-mashariki mwa Marekani, na aliyeuawa akawa mgeni asiyejulikana ni wa taifa gani. Alitambua kwamba yale ambayo wadhamini wasingekubali yasemwe na mtu wa kawaida katika mji wa Marekani, wangeyapitisha yakisemwa katika ulimwengu wa kubuni.

Ukilijua hilo, unaisikia sehemu hii kwa masikio mengine. Kwenye skrini za hospitali anaonekana Kiongozi akihutubia kwa ukali kuhusu kanuni moja na sura moja kwa watu wote, na hotuba yake inapanda sauti wakati Janet anapokimbia kwenye korido. Watazamaji wa 1960 walikuwa wamewasikia madikteta wa Ulaya wakihutubia hivyo, na Serling mwenyewe alikuwa askari wa miavuli aliyepigana Ufilipino katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Janet anauliza ni nani aliyeweka sheria hizi, na anamkumbusha daktari kwamba Dola si Mungu. Daktari naye, akiwa peke yake na muuguzi, anathubutu kuuliza kwa nini watu wasiruhusiwe kutofautiana, na muuguzi anamwonya kwamba maneno hayo ni uhaini. Tena ni daktari huyo huyo aliyemwambia mgonjwa, kwa utulivu wa mtu anayesoma kanuni za ofisi, kwamba kwa wasiotakiwa Dola imeweka hata utaratibu wa kuwaangamiza. Kisa cha urembo tu kisingehitaji sentensi kama hiyo.

Mpwa wako huenda anautegemea mwisho, pale Walter Smith, kijana mwenye sura kama ya Janet, anapomfariji kwa msemo wa zamani kwamba uzuri umo machoni mwa anayetazama. Maneno hayo yanatuliza, lakini yasikufanye usahau wanakokwenda. Wanakwenda katika kijiji ambacho Dola imewatengea watu wa aina yao, mahali ambapo Janet alipaita geto, yaani mtaa wa watu waliotengwa, alipotajiwa mara ya kwanza. Walter amekuja kama mjumbe wa watu waliokwisha kuamuliwa mahali pa kuishi, na daktari anamkabidhi Janet kwake kwa upole ule ule aliomfungulia bendeji.