Ruta ya 5G ya mtumba: usitume hela kabla hujajua bendi

Mkuu, usitume hiyo hela. Kama umeshaanza kubonyeza namba ya siri, ghairi, soma hapa kwanza.

Umeuliza mambo matatu: hiyo ruta ya 5G "original kutoka Marekani" anayokuuzia winga kwa laki tatu na nusu ni dili au siyo, 5G inamaliza bando haraka kuliko 4G au la, na modemu yako ya zamani ya 4G uiuze au ubaki nayo. Hapa najibu la kwanza tu, maana ndilo lililoniliza.

Nilinunua ya namna hiyo hiyo. Nyeupe, ndefu kama birika la umeme, ubavuni imeandikwa 5G kwa herufi za kusomeka ng'ambo ya barabara. Jamaa aliniambia maneno ambayo naona na wewe umelishwa: "Bosi, 5G ni 5G tu dunia nzima, wewe weka laini." Nikaweka laini, taa nyekundu. Nikaihamishia dirishani, nyekundu. Nikaitoa mpaka barazani, majirani wakadhani naanika mashine ya nywele. Nyekundu vile vile. Na muda wote huo kisimu cha 4G cha binti yangu, kioo kimepasuka, kiko mezani kinacheza video bila kukwama.

Nikampigia. Akasema hiyo ni ishu ndogo ya programu, nimpelekee fundi wake aiflashi. Fundi akala hela yake, akanirudishia ruta taa ikiwa ya njano. Njano! Nikajiona nimefika, nikaunga bando la mwezi, lile kubwa. Likaisha muda wake bila ruta kuvuta hata MB moja. Ukijumlisha ruta, fundi na bando, ningeshachukua mpya dukani yenye waranti na chenji ya kuku ikabaki. Yule jamaa hapatikani, na kwenye fremu yake sasa wanauza vitenge. Namuombea akae kwenye 2G maisha yake yote, na kila akimpigia mkwe simu ikate.

Sasa tatizo lilikuwa nini? Bendi, yaani masafa ya redio ambayo kifaa kinaweza kusikiliza. Nilichukua namba ya modeli iliyo kwenye kibandiko cha chini, nikaitafuta mtandaoni. Upande wa 5G ilikuwa na n260 na n261 tu, yaani masafa ya GHz 39 na 28. Hayo yana spidi ya kutisha, lakini hayafiki mbali na ukuta tu unayazima. Kule Marekani wanayatundikia vifaa mpaka kwenye nguzo za taa za mtaani. Upande wa 4G ilikuwa na bendi ya 2, 4, 5, 13 na 66. Hakuna hata moja ambayo laini yangu ilikuwa inaitumia. Kwa hiyo haikuwa mbovu. Ilikuwa nzima kabisa, ila inasikiliza stesheni ambayo huku haitangazi. Hapo fundi angeflashi mpaka mvi zimtoke, maana bendi ziko kwenye chombo chenyewe.

Ndiyo maana nasema BENDI KWANZA, G BAADAYE. Mnada wa masafa wa TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, wa Oktoba 2022 ulihusu MHz 700, 2300, 2600 na 3500. Hiyo 3500 kwenye karatasi za kifaa inaandikwa n78, itafute hiyo kwanza, kisha n40 (hiyo 2300) na n41 (hiyo 2600). Halafu usiishie hapo! 5G nyingi inaegemea 4G: kifaa kinajiunga kwanza kwenye 4G, ndipo kinaongezewa 5G juu yake. Ruta yenye n78 lakini isiyo na bendi za 4G za mtandao wako inaweza isisome 5G kabisa hata mnara ukiwa dirishani. Kwa 4G angalia bendi ya 3 (1800), ya 20 (800) na ya 28 (700). Hizo mbili za mwisho ndizo zinazofika mbali na kupenya tofali, na kwa mtu wa Mlandizi kama wewe zinaweza kukufaa kuliko hiyo 5G yenyewe.

Na huu mchezo haukuanza na 5G. Enzi za 3G, simu za Marekani za 850 na 1900 zilikuwa zikifika huku, ambako 3G ni 2100 na 900, zinaganda kwenye E, yaani intaneti ya 2G. Wauzaji walikuwa wanasema hivyo hivyo, "weka laini tu".

Mwambie winga akutumie picha ya kibandiko cha chini, namba ya modeli isomeke. Muulize pia kama imefungwa mtandao, yaani inakubali laini za kampuni moja tu. Akisema "inafunguka", maana yake imefungwa. Kisha azima simu ya 5G yenye laini ya mtandao unaoutaka, kaa nayo chumba kile kile utakachoweka ruta, uone inasoma nini. Ikisoma 4G tu, ruta nayo haitafanya miujiza.

Picha ikija itupie hapa hapa kwenye uzi tukusomee hizo bendi. Ila ufiche IMEI, ile namba ya utambulisho wa kifaa, humu kuna watu.