Paneli za sola hutaka mwanga, si joto

Umeuliza kama ni kweli kwamba paneli za sola hufanya kazi vizuri zaidi kadiri joto linavyopanda. La hasha, kinachozalisha umeme ni mwanga. Nguvu iliyoandikwa kwenye kibandiko cha nyuma hupimwa seli (vipande vya paneli vinavyogeuza mwanga kuwa umeme) zikiwa na nyuzijoto 25 za Selsiasi, na kila nyuzi inayozidi hapo hupunguza takriban asilimia 0.3 hadi 0.4 ya nguvu hiyo katika paneli nyingi za silikoni, kiasi kwamba paneli ya wati 400 ikifikia nyuzi 65, jambo la kawaida juu ya paa mchana, hupoteza kati ya wati 48 na 64. Ndiyo maana fundi makini huacha upenyo wa hewa chini ya paneli. Mawingu nayo hupunguza umeme, tena sana, ila hayaukati.

Dhana potofu inayowaudhi wengi, wakishalipa, ni kwamba mwenye paneli hakosi umeme kamwe: mfumo wa kawaida uliounganishwa na gridi (mtandao wa umeme wa umma) bila betri hujizima gridi inapokatika, hata jua likiwa la utosi, ili usipeleke umeme kwenye nyaya ambazo mafundi wanazishika.