Jibu: Je, 741 inafaa kwa hadubini ya tuneli?
Mkuu, umeuliza kama zile opampu (chipu za kukuza ishara) aina ya 741 ulizonazo zinatosha kukuza mkondo wa hadubini ya tuneli, ile inayochungulia atomi kwa mkondo mdogo unaoruka kati ya ncha kali na sampuli. Hapana, hata usizichomelee. Mkondo kati ya ncha na sampuli ni kama nanoampia 1, na 741 yenyewe hunyonya kama nanoampia 80 kwenye miguu ya kuingizia. Utakuwa unapima opampu, si sampuli. Anza na opampu ya TL071, bei yake chee na hunyonya pikoampia tu.

Rezista ya mrejesho (inayotoka mguu wa kutolea kurudi mguu wa 2 wa kuingizia) iwe megaohm 100, ili nanoampia 1 ikupe volti 0.1. Ukizunguka Kariakoo ukaikosa, unga kumi za megaohm 10 kwa mfululizo, mambo yanakwenda.

Sasa pa kuwa makini, hasa sisi wa Dar na unyevu wetu: mguu wa 2 wa opampu usiuingize kwenye bodi. Ukunje uelee hewani, kisha chomelea rezista na waya wa ncha juu yake moja kwa moja. Bodi yenye mabaki ya fluksi (dawa ya kuchomelea), tena msimu wa masika, inaweza kuvujisha mkondo mkubwa kuliko huo unaoupima. Isugue kwa spiriti na mswaki, ikauke kabisa, na vidole vikae mbali.

Kwa majaribio tumia betri mbili za volti 9, saketi yote ndani ya kopo la bati lililoungwa na graundi. Ukiendelea kuona wimbi la hertz 50 (la umeme wa nyumbani) kwenye osiloskopu, kopo halijaziba au waya wa ncha ni mrefu mno.