Ukiletewa Wazo la Hafla ya Kuchangisha: Kwa Wanaoanza Kazi Katika Mashirika ya Afya ya Akili

Ukianza kazi ya kuchangisha fedha katika shirika la afya ya akili, utaletewa mawazo ya kila namna, na karibu yote yatakuja kwa nia njema. Kampuni itajitolea kudhamini usiku wa kuonja mvinyo. Vijana watataka kuruka kwa parachuti. Mwingine atataka kuandaa usiku wa kasino kwa pesa za bandia. Kila mmoja atakutajia kiasi kitakachopatikana. Hesabu hiyo iweke kando kwanza, ujiulize: mtu tunayemhudumia akija kwenye shughuli hii, atatoka salama kama alivyoingia?

Nalitanguliza swali hili kwa sababu mtu huyo atakuwapo kweli. Wanaokimbia mbio zetu na kununua tiketi zetu, wengi wao ni wagonjwa wenyewe, ndugu zao, au waliofiwa na mtu aliyejitoa uhai. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu zaidi ya bilioni 1 wanaishi na matatizo ya afya ya akili. Kwa hiyo usipange ukumbi ukidhani wahisani wako huku na wagonjwa wako kwingine.

Pombe ndiyo itakayokupa kazi zaidi, maana imezoeleka mno. Huvuruga usingizi, hugombana na dawa nyingi za magonjwa ya akili, na uraibu wake mara nyingi huandamana na sonona. Sisemi kila hafla ipigwe marufuku pombe. Chakula cha jioni ambapo pombe ipo tu, na vinywaji vingine vimeandaliwa kwa heshima ileile, nakikubali. Shughuli ambayo pombe ndiyo kivutio, au mchango unapanda kadiri watu wanavyokunywa, siikubali hata mfadhili awe mkubwa kiasi gani. Kamari naipima vivyo hivyo. Tangu mwaka 2013, madaktari wa akili wa Marekani wanauorodhesha uraibu wa kamari katika kundi moja na uraibu wa pombe na dawa za kulevya. Anayepambana na uraibu huo haponi kwa kuwa pesa za mezani ni za bandia. Meza, karata na kelele za ushindi zinatosha kumwamshia hamu. Bahati nasibu ndogo ya tiketi chache, inayofuata sheria, haina uzito huo.

Kwenye michezo na mazoezi watu hulegeza macho, kwa kuwa mazoezi ni mazuri kwa akili. Ni kweli ni mazuri. Lakini matembezi ya usiku kucha humnyima mtu usingizi, na kwa mwenye ugonjwa wa baipola, ambao hisia hupanda na kushuka kupita kiasi, kukosa usingizi kunaweza kuamsha kipindi cha mania, yaani msisimko uliopitiliza. Anayetumia lithiamu, dawa inayotuliza hisia hizo, akikimbia juani bila maji ya kutosha, dawa inaweza kurundikana mwilini hadi kufikia kiwango cha sumu. Mashindano ya kupunguza uzito yasikaribie shirika linalohudumia wenye matatizo ya ulaji. Na kushuka ghorofa kwa kamba, shughuli inayopendwa sana, kunahitaji fikra ya ziada ukiwa unazuia watu kujiua: hebu fikiria bango lako la mtu aliyesimama ukingoni mwa jengo, likitazamwa na mama aliyempoteza mwanawe kwa njia hiyo.

Maigizo ya kutisha yenye "hospitali ya vichaa" yakatae bila mjadala. Mwaka 2016 bustani ya burudani ya Knott's Berry Farm huko California ilifungua onyesho la namna hiyo. Jina lake lilibeba nambari 5150, ambayo ni kifungu cha sheria ya jimbo hilo kinachoruhusu mtu kuzuiliwa hadi saa 72 kwa uchunguzi wa akili. Familia za wagonjwa na watetezi wao walilalamika, na likafungwa baada ya siku chache. Fedha zinazopatikana kwa kuwafanya wagonjwa vitisho huharibu kazi ileile zinazokusudiwa kuigharimia.

Hata hivyo, jambo linalonipa wasiwasi kuliko yote hayo ni ushuhuda, yaani mgonjwa kusimulia maisha yake mbele ya wachangiaji. Karne zilizopita, hospitali ya Bethlem jijini London iliruhusu watu kuingia na kuwatazama wagonjwa, na sarafu za wageni zikaingia katika sanduku la michango. Mwaka 1770 uhuru huo wa kuingia ulikomeshwa. Ninapoona mgonjwa amepandishwa jukwaani kati ya chakula na mnada ili watu walie kisha watoe, naikumbuka Bethlem. Si kwamba ushuhuda ni mbaya. Mtu anayejisemea mwenyewe huondoa unyanyapaa kuliko kipeperushi chochote. Ubaya huja anapoombwa na mtu asiyeweza kumkatalia. Ambaye bado anatibiwa na shirika lako ataogopa kusema hapana, hata ukimwambia yuko huru. Kwa hiyo usimwombe huyo.

Kwa mwingine asiyetibiwa na shirika lako, ombi lipelekwe na mtu ambaye kazi yake haipimwi kwa fedha zilizopatikana. Msemaji mwenyewe achague asichotaka kusema, na ajue anaweza kujitoa hata jina lake likiwa limeshaitwa. Kama kisa chake kinahusu kutaka kujiua, njia iliyotumika isitajwe; miongozo ya Shirika la Afya Duniani kwa wanahabari inakataza maelezo hayo kwa kuwa yanaweza kuwafanya wengine waige. Ushuhuda usipangwe dakika chache kabla ya mnada, na mshereheshaji asiyageuze machozi ya ukumbi kuwa bei. Video isitumike tena miaka inayofuata bila kumuuliza upya. Na mpigie simu kesho yake, kisha tena baada ya wiki, kwa sababu ujasiri wa jukwaani huisha na mtu hubaki na yale aliyoyasema mbele ya wageni.

Ukikataa wazo la mtu, usimkatae yeye. Mwambie sababu waziwazi, mpe na njia nyingine: aliyetaka mvinyo anaweza kudhamini chakula, aliyetaka kutembea usiku kucha anaweza kutembea kuanzia alfajiri. Na kama tiketi zilishauzwa kabla hujafika, hafla haitavunjwa kwa ajili yako, lakini yapo ya kuokoa: weka chumba cha utulivu chenye mnasihi, ondoa pombe kwenye zawadi, waeleze waalikwa mapema watakachokikuta, na rudisha fedha za yeyote atakayeamua kutokuja bila kumdai sababu.