Kabla ya kuuliza programu, kijue chumba chako

Msomaji mmoja kaniandikia: ana hesabu (idadi ya nyutroni zilizonaswa) za matufe saba ya Bonner, yaani mipira ya plastiki ya ukubwa tofauti yenye kigunduzi katikati, anataka nimtajie programu nzuri ya kumkokotolea spektra ya nyutroni, yaani mgawanyo wake kwa nishati. Kila nikiulizwa swali hili nakumbuka chumba kimoja nilichobishania na mkuu wangu wa kazi.

Yeye alitaka nipite na kipima dozi, niandike namba moja, basi. Nikakataa. Kizidishi cha uzito wa mionzi, namba inayoonyesha madhara yake mwilini, kwa nyutroni za polepole ni 2.5, lakini kwenye MeV 1 (MeV ni kipimo cha nishati; hizo ni nyutroni za kasi) kinafika karibu 20. Utasemaje kinga inatosha hali hujui nishati ya kinachokupiga? "Unapoteza muda," akaniambia mbele ya wenzangu. Neno lile bado linaniuma.

Nikapanga matufe yangu. Mbinu ni ya mwaka 1960 na haijachuja. Tufe dogo la polithini hupunguza kasi kidogo tu, hivyo kigunduzi cha heli-3 kilicho katikati hunasa zaidi nyutroni za polepole. Kwenye tufe la inchi 10 au 12 hizo humezwa njiani, zikafika zilizoingia na kasi. Nyuma ya ukuta wa zege wa kinga ya chumba kile, matufe madogo yalihesabu mfululizo, makubwa yakasuasua. Nyutroni zilikwishagongana na zege hadi zikaishiwa nguvu, na kipima dozi kilikuwa kinatia chumvi. Nilikuwa sahihi. Hakuna aliyekuja kuniambia hivyo.

Sasa sikiliza, ndugu yangu. Namba saba peke yake haziwezi kukupa spektra yenye makumi ya vipande vya nishati. Spektra nyingi tofauti zitakubaliana na hesabu zilezile. Kinachobeba uzito ni spektra ya kuanzia, yaani makisio ya awali, unayoilisha programu. Itoe kwenye ukokotoaji wa Monte Carlo (kompyuta hufuata safari za nyutroni nyingi moja moja kwa kubahatisha) wa chumba chako, kuta na sakafu zikiwemo. Ukiilisha spektra ya chanzo kitupu cha Am-Be (ameriki na berili, chanzo cha nyutroni za kasi), huenda ukaletewa nyutroni za MeV kadhaa ambazo hapo hazipo. Wala usiizungushe programu hadi kila namba ioane kabisa: utakuwa unafuata mtikisiko wa takwimu, kupanda na kushuka kwa hesabu kwa bahati tu, na vilele vya uongo vitaota kwenye spektra.

Kila tufe likae palepale. Rudia la kwanza mwishoni, ujue kama mnururisho umeyumba. Anayefanya kazi nyuma ya ukuta huo anategemea uaminifu wako, usimfanyie haraka.

Nitumie kwanza mchoro wa chumba na hesabu ya kigunduzi bila tufe. Programu tutaizungumza baadaye.