Mguu unaburuta baada ya kiharusi: mashine ya umeme, glovu ya roboti au simu tu?

Mkuu, pole kwa kuuguza. Umeuliza ununue ipi kati ya mashine ya umeme ya misuli na glovu ya roboti, mzee akiwa mwezi wa tatu tangu kiharusi, mguu unaburuta na vidole vimejikunja. Anza na mguu, na anza na mashine ya umeme, ila si yoyote utakayoikuta Kariakoo. Nyingi ni TENS za kutuliza maumivu. Unayoitaka imeandikwa NMES au EMS (za kukaza misuli), na inakuachia upange mwenyewe Hz (mapigo kwa sekunde), upana wa pigo (µs, sehemu za milioni za sekunde), muda wa kuwaka na muda wa kupumzika. Isiyo na mapumziko inachosha msuli ndani ya dakika chache.

Asiitumie kabisa mwenye pesimeka (kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo), mwenye damu iliyoganda mguuni, wala mwenye kidonda au saratani pale pedi zinapokaa. Mwenye kifafa amwone daktari kwanza. Kama ngozi ina ganzi, mzee hatasikia ikiungua, hivyo bandua pedi kila dakika 10 uangalie.

Mkalishe kwenye kiti, kisigino sakafuni. Osha mguu kwa sabuni, ukaushe, usipake mafuta. Joto la Dar na jasho hunyanyua kingo za pedi, umeme wote unapita sehemu ndogo iliyobaki imegusa, ndiyo maana inachoma. Pedi ya kwanza (sm 5 kwa 5) ikae chini kidogo ya kile kifundo cha mfupa upande wa nje wa goti. Ya pili iwe chini yake, mbele, juu ya nyama iliyo pembeni ya mfupa wa ugoko. Weka 35 Hz, µs 250 hadi 300, iwake sekunde 5 na ipumzike 15. Panda mA (nguvu ya umeme) taratibu hadi unyayo unyanyuke bila maumivu. Dakika 10 mwanzoni, baadaye 20 hadi 30.

Unyayo ukipinda mno kwenda nje, sogeza pedi ya juu mbele kidogo. Ukipinda ndani, irudishe nyuma. Mguu ukianza kutetemeka, umeme unaingia kwa ghafla na kuustua msuli wa nyuma: ongeza muda wa umeme kupanda hadi kilele uwe sekunde 2 au 3. Unyayo ukinyanyuka kidogo kuliko mwanzo, msuli umechoka, zima.

Jambo kubwa kuliko yote: kila mashine inapowaka, mzee naye ajitahidi kunyanyua unyayo. Ubongo unajifunza kwa jaribio lake mwenyewe. Akikaa anatazama runinga, anapoteza sehemu ya faida.

Glovu ya roboti, inayofungua na kufunga vidole, nayo ni hivyo hivyo: mzee naye ajitahidi. Tafuta yenye glovu ya pili ya mkono mzima, ambayo ukiufungua na uliopooza unafunguliwa. Usiwashe vidole vikiwa vimekaza: laza mkono mezani, nyoosha kifundo cha mkono polepole, ukishike kisipinde, ndipo uvalishe. Gumba likikaa vibaya linaumia.

Kwa kutembea, simu inatosha. Hesabu hatua zake za dakika moja, weka metronomu (programu ya kupiga mdundo) kwenye idadi hiyo, na akizoea ongeza asilimia 5. Hatua zikifupika, rudi kwenye mdundo wa awali. Kupima maendeleo, chora mita 14 kwa chaki na upime muda wa mita 10 za katikati. Sekunde 25 ni mita 0.4 kwa sekunde, kasi ya ndani ya nyumba. Kwenda kituo cha daladala bila shida anahitaji karibu sekunde 12.5. Saa ya kuhesabu hatua mvalishe kifundo cha mguu mzima, maana mkono usiobembea unapunja hesabu.

Vifaa vya umeme vya kuvaa wakati wa kutembea bei yake inaingia mamilioni. Majaribio ya Marekani yalipovilinganisha na kishikio cha plastiki cha kifundo cha mguu, kasi iliongezeka karibu sawa. Kwa hiyo kabla ya kujibana, uliza kishikio hospitali ya CCBRT, Msasani.

Dukani, waombe waibandike mashine ya misuli kwenye mguu wako mwenyewe. Kama hainyanyui unyayo wako mzima, wa mzee haitauweza.